Tembe Anayeumwa Yai

Tembe akikaribia kutaga hujitangaza mwenyewe. Upanga wa kichwani, ambao wiki chache nyuma ulikuwa mdogo na umepauka, hujaa damu na kuwa mwekundu. Anaanza kuzunguka ndani ya nyumba kama mpangaji anayekagua vyumba: anachungulia chini ya kitanda, anaingia nyuma ya mtungi, anajaribu kukaa kwenye karai bovu, hapendi, anatoka. Ukimgusa mgongoni anachuchumaa na kutandaza mbawa. Wenye uzoefu humshika na kupima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya mifupa miwili ya nyonga, chini ya mkia. Kikiingia kidole kimoja, bado. Vikiingia viwili, karibu. Vikiingia vitatu, mtafutie kiota.

Katika kata ya Samuye, iliyo Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga kando ya barabara ya Shinyanga–Tinde, dalili hizo husubiriwa kwa hamu, na kwa sababu nzuri. Ng'ombe katika familia nyingi za Kisukuma ni mali ya baba, na kumuuza ni jambo la kikao. Kuku ni wa mama. Fedha yake hununua daftari, chumvi na hisa ya kikoba bila kuulizwa na mtu. Wachuuzi wa kuku wanapita na matenga yaliyofungwa nyuma ya baiskeli, wanakusanya mmoja hapa, wawili pale, kisha mzigo unakwenda Shinyanga mjini, Kahama, au kwenye machimbo ya dhahabu kama Mwakitolyo, ambako mama lishe hawaulizi sana bei siku ambayo wachimbaji wamepata. Dhahabu ya ukanda huu, kutoka Kahama hadi Geita, imeifanya thamani ya kuku wa kijijini ipande hata kwa mama ambaye hajawahi kuliona duara la mgodi.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kati ya 10 na 15 kwa mkupuo, kisha huatamia kwa siku 21 na kulea. Kwa mwaka anafanya hivyo mara tatu hivi, na jumla yake ni mayai 30 hadi 45. Katika vifaranga anaototoa, mwewe ana fungu lake, nguchiro ana lake, na ugonjwa wa mdondo ukipita huchukua wote waliobaki. Kwa hiyo tembe aliyefika miezi sita au saba, mwenye upanga mwekundu, ni kuku aliyenusurika mengi. Ameshakula pumba ya nusu mwaka na hajarudisha kitu. Akifa wiki ya yai lake la kwanza, hasara yake ni kubwa kuliko ya kuku mzee aliyelea vizazi vinne.

Na wapo wanaokufa wiki hiyo. Yai hukwama.

Tembe mwenye yai lililokwama hasimami kama kuku wengine. Kifua kiko juu, mkia umeshuka chini, miguu ameitanua. Anaingia kwenye kiota na kutoka mara nyingi bila kuacha kitu. Anajikamua, ukitazama sehemu ya haja utaona inafunguka na kufunga. Hali chakula, anahema mdomo ukiwa wazi hata kivulini, na kinyesi chake ni kidogo chenye majimaji meupe, au hakuna kabisa. Baadaye miguu huisha nguvu, kwa kuwa yai hukandamiza mishipa ya fahamu inayopita kwenye nyonga. Wengi wakifika hapo husema kuku kapooza, kumbe tatizo liko nyuma. Kuanzia alipoanza kujikamua, una siku moja ya kufanya kazi kwa utulivu. Baada ya siku mbili, kuku wengi huwa hawapo tena.

Mmoja wa hao nilimkuta kwenye boma la mama mmoja wa makamo, nje kidogo ya senta. Asubuhi ilikuwa imeanza kuwa na joto. Tulisalimiana, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia bila kunyanyuka, maana alikuwa amempakata tembe huyo mwekundu mwenye madoa, chotara wa kienyeji na kuku wa kisasa.

"Huyu tangu jana anakwenda kukaa, anatoka hana kitu," alisema. "Nimemshika hapa, nimelisikia. Liko hapo hapo mlangoni."

Alichofanya baada ya hapo kingeweza kufundishwa darasani bila kubadilishwa sana. Mjukuu alileta karai la maji yaliyochanganywa ya moto na ya baridi. Mama akachovya kiwiko, akaongeza kikombe cha baridi, akachovya tena, kama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Akatia chumvi kiganja kimoja. Kisha akamtumbukiza tembe taratibu hadi maji yakafika juu ya tumbo, mbawa akiwa amezishika kwa mkono mmoja ili asipapatike, na mkono wa pili ukimsugua tumboni kuelekea nyuma bila kubonyeza. Dakika za mwanzo kuku alikuwa mkali. Baadaye akalegea, akafumba macho. Maji yakipoa, mjukuu aliongeza ya moto pembeni. Ilikuwa kama robo saa hivi, pengine zaidi kidogo.

Alipomtoa, alimfuta kwa kanga kuukuu, akachovya kidole kwenye mafuta ya alizeti na kukiingiza polepole kwenye njia ya haja, akizungusha pembeni ya yai. Hakuvuta. Jirani aliyekuwa amesimama pale, kijana wa makamo ya mwanawe, alimshauri aminye kidogo tumboni ili litoke.

"Usiminye, baba," mama alimjibu. "Ukiminya likapasuka ndani, umemuua wewe."

Yuko sahihi. Ganda likivunjika ndani huchana mrija wa yai, na kiini kikivujia tumboni huleta usaha. Tembe aliwekwa kwenye boksi lenye majani makavu, gunia likafunika nusu ili kuwe na giza na utulivu, na mbele yake kikawekwa kikopo cha maji yenye glukosi. Jioni nilipopita tena yai lilikuwa limetoka: refu, kubwa kuliko kawaida ya tembe, lina michirizi ya damu kwenye ganda. Michirizi hiyo kwa yai la kwanza si ajabu, njia ilikuwa haijawahi kupitisha kitu.

Jirani yule, kabla ya kuondoka asubuhi, alikuwa ametoa mfukoni pakiti ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, ule unga wa njano ambao kila duka la pembejeo linao. Mama aliikataa kwa adabu. Hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza mbele ya mgeni wake. Lakini hapo ndipo penye shauri lote la makala haya. Katika vijiji vyetu kuku akijikunyata anapewa OTC. Akiharisha, OTC. Akikohoa, OTC. Asipotaga, OTC. Ni dawa ya kuzuia bakteria, inafanya kazi yake vizuri pale bakteria walipo. Yai lililokwama halina bakteria wa kuzuiwa. Ni yai kubwa, mlango mdogo, na misuli isiyo na nguvu ya kusukuma. Kinachotakiwa ni joto, ulaini, utulivu na madini ya chokaa.

Chokaa hiyo, au kalsiamu kwa jina la dukani, ndiyo moyo wa habari. Kuku ana ovari mbili akiwa kiinitete, lakini anapokua ni ya kushoto tu inayofanya kazi, pamoja na mrija wake. Kiini kikishadondoka kutoka kwenye ovari, safari hadi kiotani huchukua kama saa 24 hadi 26. Ute hujengwa kwa saa chache tu. Sehemu kubwa ya muda, saa 20 hivi, yai hukaa mahali pamoja likipakwa ganda. Ganda la yai moja lina uzito wa gramu tano au sita, na ndani yake kuna kama gramu mbili za kalsiamu safi. Sasa fikiria kuku wa kilo moja na nusu anayetoa gramu mbili za madini mwilini mwake kila anapotaga. Asipoyapata kwenye chakula, huanza kukopa kwenye mifupa yake. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza mwili wa tembe hujiwekea akiba maalumu ndani ya mifupa mirefu kwa ajili hiyo, na tembe aliyelishwa vibaya miezi hiyo ya mwisho anaanza kutaga akiwa na akiba tupu.

Kalsiamu ikipungua humwathiri mara mbili. Ganda linakuwa jembamba, au yai linatoka likiwa na ngozi tu, na yai laini ni gumu kusukuma kuliko yai gumu kwa kuwa linabonyea na halishikiki na misuli. Na misuli yenyewe inayosukuma huendeshwa na kalsiamu. Ndiyo maana daktari wa mifugo akiitwa kwa tembe mwenye yai lililokwama, sindano anayoifikiria kwanza mara nyingi ni ya kalsiamu.

Rudi sasa kwenye ile pakiti ya njano. OTC ni ya jamii ya tetrasaiklini, na dawa za jamii hiyo hushikana na kalsiamu tumboni, vyote viwili vikashindwa kuingia vizuri kwenye damu. Ukimpa tembe maganda ya mayai na OTC kwa pamoja umetupa fedha mara mbili. Tena dawa huingia kwenye mayai yatakayofuata. Pakiti huandikwa siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai na nyama, na sijaona mama anayeuza mayai matano kwa siku akizihesabu. Mtoto anayekula yai hilo anakula na dawa kidogo kidogo, na bakteria walioizoea dawa hawabaki kwenye banda la kuku.

Kwa nini lakini mayai yakwame sasa, wakati bibi zetu walifuga maisha yao yote na wengi hawakumbuki jambo hili? Sababu moja ni kuku mwenyewe. Kuku wa asili hutaga mayai madogo, kwa mikupuo, na katikati anapumzika kuatamia. Mwili wake unapata nafasi ya kujaza akiba. Chotara walioenea nchini miaka kumi na zaidi iliyopita, Kuroiler mwenye asili ya India na Sasso wa Ufaransa, ambao pia walifanyiwa majaribio kwa wafugaji wa vijijini Tanzania chini ya mradi wa ACGG ulioongozwa na taasisi ya ILRI, hukua haraka, wana miili mikubwa na mayai makubwa, na hutaga mara nyingi zaidi. Wale wa mayai wa kibiashara hufika mayai 280 na kupita kwa mwaka. Sina ugomvi na chotara. Wameongeza kitoweo na kipato. Ugomvi wangu ni na desturi ya kumleta kuku wa mayai mengi na kumlisha chakula cha kuku wa mayai machache.

Chakula chenyewe Samuye ni kile kinachopatikana. Pumba ya mahindi hunenepesha, lakini mahindi yana kalsiamu isiyofika hata nusu ya asilimia moja, tena mbali sana, wakati kuku anayetaga kila siku anahitaji chakula chenye asilimia 3.5 hadi 4. Tembe anayeshindia pumba ya mahindi hujaa mafuta tumboni, na mafuta hayo hubana njia ya yai. Pumba ya mpunga, ambayo wakati wa mavuno ya majaruba inakuwa nyingi, ina fosforasi nyingi inayovuruga uwiano na kalsiamu. Halafu kuna mashudu ya pamba. Mkoa huu ni wa pamba, na mashudu yake yana protini nzuri kweli, lakini mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli ambayo hugeuza kiini cha yai lililohifadhiwa kuwa na rangi ya kijani kibichi iliyofifia au kahawia, na mafuta yake huweza kuufanya ute uwe wa waridi. Mteja akipasua yai la namna hiyo kwenye kikaango hatarudi kwako. Kwa kuku, mashudu ya alizeti ni salama zaidi. Ya pamba waachieni ng'ombe.

Taa nazo zimeingia. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika vijiji vingi, na kuna ushauri unaozunguka kwamba ukiwaacha kuku na balbu usiku watakula zaidi na kutaga mapema. Hilo la kutaga mapema ni kweli, na ndilo tatizo. Hapa kwetu, chini ya nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo tembe hapati ishara ya ghafla ya mwanga. Hukomaa taratibu kwa umri na chakula. Ukimwashia balbu akiwa na miezi mitatu au minne, ovari inaamka kabla nyonga haijapanuka. Yai linakuja, mlango haujawa tayari. Wafugaji wakubwa huongeza mwanga, ndiyo, hadi saa 16 kwa siku, lakini huanza pale tembe wanapofikisha uzito unaotakiwa, si kabla. Mwenye kuku sita azime taa walale.

Joto la Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, ni sababu nyingine ambayo haizungumzwi. Kuku hatoki jasho. Akizidiwa hufungua mdomo na kuhema, na kwa kuhema hupoteza gesi ya kaboni kutoka kwenye damu, gesi ambayo mwili unaihitaji ili kutengeneza ganda, maana ganda ni kalsiamu iliyounganishwa na gesi hiyo. Hivyo hata mwenye kalsiamu ya kutosha hutaga mayai mepesi wakati wa joto kali. Miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliwahi kuwanywesha kuku maji yenye gesi, yale ya soda isiyo na sukari, na maganda yakaimarika. Sipendekezi mtu amnunulie kuku soda. Lakini kivuli na maji ya baridi mchana kutwa vinawezekana. Chombo cha maji cha udongo, kikiwekwa chini ya mti, hukaa na maji yanayonyweka hadi saa tisa alasiri. Kile cha bati kilichoachwa juani kufika saa sita kuku hakigusi. Na asiyekunywa hali, na asiyekula hana cha kujengea ganda. Maji ya Ziwa Victoria yaliyoletwa Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele yamepunguza shida kubwa ya watu, ila kuna maboma ambayo kuku bado anasubiri makombo ya maji ya kuoshea vyombo, yenye sabuni.

Si kila tembe asiyetaga ana yai lililokwama. Wengine wanataga, wewe tu hujui. Uzio wa minyaa unaozunguka boma ni kiota kizuri, na tembe mwenye akili anaweza kuficha mayai kumi humo ukamlaumu kwa uvivu. Mfuatilie asubuhi badala ya kumshika shika tumbo. Mwingine ana minyoo. Mwingine tumbo limejaa na kuning'inia, ukilishika ni kama lina maji: huyo viini vyake vinadondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija, na hapo karai la maji ya uvuguvugu halimsaidii kitu. Wapo pia waliougua mafua makali wakiwa vifaranga, mrija ukaharibika, wakakua na upanga mwekundu na kila dalili ya utagaji, lakini hawatatoa yai maisha yao yote.

Linalotisha kuliko yote kwa macho ni mrija kutoka nje. Baada ya kujikamua sana, nyama nyekundu inayong'aa huning'inia chini ya mkia. Kuku wengine wakiona wekundu hudonoa, na ndani ya muda mfupi watakuwa wamemvuta matumbo. Kwa hiyo la kwanza kabisa ni kumtenga. Safisha kwa maji safi ya uvuguvugu, paka asali au sukari iliyolowekwa ikawa uji mzito, subiri uvimbe upungue, kisha irudishe ndani kwa kidole chenye mafuta. Sukari haifanyi uganga wowote, inavuta maji kutoka kwenye uvimbe, na wazee walioitumia bila kujua sababu walikuwa wamepatia. Mweke gizani, mpunguzie chakula kwa siku chache ili asitage haraka. Ikitoka mara ya pili, usimtese.

Na kabla ya yote hayo, angalia wengine. Tembe mmoja anayejikamua ni jambo la tembe mmoja. Kuku watatu waliozubaa kwa siku moja, wanaharisha kijani, mmoja shingo imepinda, mayai ya ngozi yametapakaa, ni mdondo, na hapo hakuna karai wala OTC. Mdondo ni wa virusi. Chanjo yake ya I-2, iliyotokana na utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, na ile inayotengenezwa hapa nchini hutolewa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, katika kiwanda chake cha Kibaha. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na kuku wa asili wamo. Kwa mwenye tembe, mpangilio mzuri ni kumchanja wiki kadhaa kabla ya yai la kwanza na kumwacha atulie. Kumkamata na kumkimbiza wakati yai limo ndani ni kumtafutia matatizo.

Kuna swali ambalo mtaalamu wa mjini hulikwepa: je, inafaa kuhangaika? Kumwita daktari wa mifugo kutoka Shinyanga mjini, nauli yake na dawa, kunaweza kuzidi bei ya kuku. Mimi nasema kisu ni sehemu ya matunzo. Maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu ndani ya siku moja, mafuta, giza, kalsiamu. Ikishindikana, na kuku bado ana nguvu na hajapewa dawa, mchinje aliwe nyumbani. Hapo ndipo pakiti ya njano inapogharimu tena, kwa kuwa aliyekwishapewa OTC haliwi leo. Kinachofanyika mara nyingi ni kibaya zaidi: tembe anapewa dawa asubuhi, hapati nafuu, mchana anaingizwa kwenye tenga la mchuuzi kwa bei ya kutupa, kesho yake yuko kwenye sufuria ya mama lishe machimboni. Mnunuzi hajui alichokula, na hakuna wa kumwambia.

Ukimchinja, mpasue na uangalie. Usukuma si mahali pa kufundishwa kutazama ndani ya kuku. Wafumu, yaani waganga wa hapa, kwa vizazi vingi wamekuwa wakipasua vifaranga na kusoma alama zilizomo ili kueleza chanzo cha ugonjwa wa mtu. Nasema tazama kwa macho yale yale, lakini swali liwe la kuku: Mafuta ya manjano yamejaa hadi kufunika utumbo? Umemnenepesha. Yai ni la viini viwili? Bahati mbaya ya tembe wachanga, hutokea, hakuna wa kulaumiwa. Tumbo lina majimaji yenye harufu na mabonge kama jibini? Hapo hata nyama usile, fukia. Na kama wamekufa wengi kwa pamoja usipasue hata mmoja, mwite afisa mifugo wa kata. TVLA ina vituo Mwanza na Tabora vinavyoweza kupima sampuli.

Kinga ya haya yote haina gharama kubwa, ila biashara imeifanya iwe ngumu kupatikana. Kwenye maduka ya pembejeo niliyopita, OTC iko kwenye vipakiti vidogo ambavyo mama wa kuku sita anavimudu, lakini chokaa ya mifugo na maganda ya konokono kutoka ziwani huuzwa kwa mfuko. Nani atanunua mfuko kwa ajili ya kuku sita? Anachukua pakiti. Mwenye duka atakayepima chokaa kwa nusu kilo, akaifunga kwenye nailoni na kuiweka karibu na OTC, atakuwa amefanya zaidi ya semina nyingi. Iwe ya mifugo, tafadhali. Chokaa ya kupaka ukutani inaunguza koo na tumbo la kuku.

Mpaka duka hilo lipatikane, Shinyanga mjini pana machimbo ya kalsiamu ambayo hayahitaji leseni. Kila kijiwe cha chipsi mayai humwaga ndoo ya maganda usiku. Yaoshwe, yakaangwe juu ya bati au kikaango kikavu hadi yakauke kabisa na kuanza kubadilika rangi, kwa sababu ganda bichi hubeba magonjwa ya banda lilikotoka. Yasagwe hadi yawe chenga kama za mchele. Ukimtupia kuku nusu ganda lenye umbo la yai atajifunza kula mayai yake. Yawekwe kwenye kopo la peke yake, yasichanganywe na chakula, kwa maana vifaranga hawahitaji kiasi hicho na figo zao huharibika. Tembe aliyekaribia kutaga atalitafuta kopo mwenyewe, hasa jioni, kabla ya zile saa za usiku ambazo ganda hujengwa. Wauza chipsi niliowauliza walisema maganda ni bure, mradi mtu aje na gunia lake na asichelewe, kwa kuwa gari la taka hupita alfajiri.